UZI: Soli ya skii imechimbwa na mawe? Angalia kwanza chini ya tundu kuna nini kabla hujaziba

FundiSoli (mwanzisha uzi)

Habari za saa hizi wakuu. Huu uzi nimeuahidi muda mrefu, tangu Novemba ianze kuna watu kama wanne wamenitumia picha inbox na wote swali moja, "fundi hapa naweza kuziba mwenyewe?", nikaona bora niandike sehemu moja tusome wote. Mimi ni mtu wa Tanga, niko Colorado, Breckenridge, huu ni msimu wangu wa saba kwenye karakana ya skii na snobodi. Kwa wasiopajua, mji wenyewe uko kama mita 2,900 juu ya bahari, yaani unalala juu kuliko kibanda cha Mandara kule Kilimanjaro, na lifti ya juu kabisa inakushusha mita 3,900 na kidogo, hapo Horombo ushaipita. Theluji ya mwanzo wa msimu ni nyembamba na chini yake ni mawe, kwahiyo Novemba na Desemba ndo miezi skii zinapangwa mpaka nje ya mlango wetu.

Nitatumia maneno yangu tuelewane. Ile plastiki ya chini inayogusa theluji naiita soli, kama soli ya kiatu, manake kazi yake ni ileile. Zile chuma mbili za pembeni ni makali. Ndani katikati kuna mbao (skii nyingi ni mbao kweli), hiyo naiita moyo, na kati ya moyo na soli kuna tabaka la faibaglasi, nyingine zina na bati la aluminiamu ngumu. Vyote hivyo vimeshikana kwa gundi ya epoksi, hakuna msumari hata mmoja.

Sasa soli yenyewe ni polietilini, ukoo mmoja na ndoo ya maji na kidumu cha mafuta, ila hii nyuzi zake (minyororo ya molekuli) ni ndefu mno ndo maana haichubuki ovyo, hospitali wanatumia aina hiyohiyo kwenye nyonga za bandia. Ziko za namna mbili. Kuna ya kuyeyushwa na kusukumwa kwenye mashine kama tambi, hiyo ni ya bei rahisi na inazibika kirahisi. Alafu kuna ya unga, wanaushindilia unga kwa moto na mgandamizo mpaka unakua gogo moja nene la duara, kisha wanalimenya kuzunguka kama unavyomenya chungwa ganda lisikatike, hilo ganda ndo soli. Hii ya pili inanywa nta vizuri na inakimbia zaidi ila ikipata jeraha ina matata yake, nitaeleza. Soli mpya ina unene wa milimita moja na nusu hivi, au chini ya hapo. Yaani kama kucha tatu zimepangwa. Jiwe halihitaji nguvu kuimaliza.

Nilipokua mdogo pale Ngamiani kulikua na mzee anaziba ndoo na mabeseni, anachoma kisu kwenye mkaa anayeyusha kipande cha plastiki anakipaka kwenye ufa. Ukimpelekea ndoo ina maji anakurudisha nayo, anakwambia kaianike juani kesho uje. Alafu anaikwangua kwanza pale kwenye ufa mpaka plastiki mpya ionekane ndo anaweka moto. Nilikua naona anachelewesha watu. Leo kazi yangu nzima imesimama kwenye yale mambo mawili, ikauke na iwe safi, na la tatu ambalo kwenye ndoo halipo, ujue tundu limefika wapi.

Nisisitize hapa manake ndo sababu ya huu uzi. Plastiki ya kuzibia inashika kwenye plastiki tu. Haishiki kwenye faibaglasi, haishiki kwenye bati, haishiki kwenye mbao, haishiki kwenye chuma ya makali, na haishiki juu ya nta wala maji. Watu wananunua ule mshumaa wa plastiki (ule wa P-Tex na wenzake), wanauwasha, wanadondoshea kwenye kila shimo wanaloliona, wanakwangua, pazuri panang'aa, siku ya pili mlimani kipande kimetoka kizima kama gamba na maji yashaingia ndani.

Jinsi ya kupima, mimi nafanya hivi. Skii ikitoka nje usiiguse, iache ndani ipate joto la chumba masaa kadhaa, manake ikiwa baridi inatoa jasho na utadhani imekauka kumbe bado. Ifunge kwenye jiliwa soli ikiangalia juu, ipige brashi ya shaba kutoka mbele kwenda nyuma, alafu futa na dawa ya kutoa nta, acha dawa iruke kabisa. Weka taa pembeni, isiwe juu, taa ya pembeni inaonesha kila mkwaruzo kwa kivuli chake. Alafu pitisha kucha kukatiza mkwaruzo. Kama kucha haikwami, achana nao, ni nta tu basi, usianze kuyeyusha mambo. Kama inakwama, chungulia chini. Ukiona rangi ileile ya soli mpaka chini kabisa, uko salama, bado uko ndani ya plastiki. Ukiona vinyuzi vimefumwa kama mkeka, vina ukijani au unjano wa kupauka, hiyo ni faibaglasi. Ukiona kitu kinameta ni bati. Mbao utaijua.

Mkwaruzo wa kwenda na urefu wa skii hauna madhara makubwa hata ukiwa mrefu. Wa kukatiza ndo unashika theluji. Na tundu dogo lililogusana na makali ni baya kuliko kubwa la katikati, manake pale ndo mlango wa maji kwenda kwenye mizizi ya makali, na makali yakianza kuinuka gharama inabadilika.

Ukimaliza kuangalia, gonga. Chukua kishikio cha bisibisi gonga taratibu kuzunguka jeraha, inatakiwa itoe sauti moja ngumu. Ikibadilika ikawa na mlio wa uwazi kama unagonga embe lililooza ndani, pale tabaka zimeachana. Alafu bonyeza kwa kidole gumba pembeni ya tundu kwa nguvu uangalie kama maji yanatoka.

Niwape mfano ulio mezani kwangu wiki hii. Kijana kaleta skii zake, ya kushoto, chini ya kisigino kuna jeraha upana wa vidole viwili, urefu kama kiberiti, limegusa makali. Kabla yangu lilishazibwa duka moja huko mjini kwao, akalipa, akateleza siku mbili plastiki ikatoka yote, na kile kipande alikua nacho mfukoni akanipa. Nikakigeuza. Upande wa chini ulikua laini kabisa unang'aa, una alama za ule ufumaji wa faibaglasi kama muhuri, hakuna hata sehemu ndogo iliyoshika. Nikabonyeza pembeni ya tundu, likatoka tone la maji, nikaachia likarudi ndani. Nikabonyeza tena, likatoka tena. Yule kijana aliinama akaliangalia lile tone akanyamaza. Wiki tatu anaenda mlimani na maji ndani, usiku yanaganda yanatanuka, mchana yanayeyuka yanasogea mbele kidogo, kila usiku yanapasua pakubwa zaidi. Aliyeziba aliyafungia maji ndani. Hiyo inaniuma, manake skii ilikua ya kupona kama ingekaushwa kwanza.

Naendelea post inayofuata, kuziba kwenyewe.

---

FundiSoli

Tunaanza na lile dogo, tundu ambalo bado liko ndani ya plastiki. Hapa mshumaa unafaa na mtu yeyote anaweza kufanya nyumbani, ila mlango wazi, moshi wake sio wa kuvuta, na vaa mikono mirefu, tone la hiyo plastiki likikuangukia linashika kwenye ngozi linaendelea kuunguza, sio kama nta ya mshumaa wa kawaida.

Kata kwa wembe zile nyama zinazoning'inia pembeni ya tundu, zile tu, usichonge kupanua. Washa mshumaa, na usidondoshee moja kwa moja, shika skrepa ya chuma mkono wa pili matone ya kwanza yaangukie pale. Moto ukiwa mkubwa wa njano unatoa masizi, na yale masizi yakiingia kwenye tundu yanafanya kiraka kiwe dhaifu na chenye vidoti vyeusi. Sogeza mshumaa karibu na chuma, uzungushe taratibu, moto unapungua unakua wa bluu mdogo. Hapo ndo uende kwenye soli, ncha iwe chini ya sentimita moja kutoka kwenye soli, iwe inatiririka badala ya kudondoka. Jaza kupita kidogo usawa wa soli manake ikipoa inasinyaa. Kama tundu ni refu kwenda chini, jaza tabaka moja liache lipoe, alafu lingine. Na iache ipoe yenyewe nusu saa au zaidi, usiitoe nje kwenye theluji ili iwahi, itabanduka kingo.

Kukwangua ndo wengi wanaharibu. Tumia tupa ya meno makubwa ile ya kuchonga bodi za magari kupunguza kilima, alafu skrepa ya chuma yenye kona kali, unasukuma mbele taratibu kidogokidogo. Ukikandamiza kwa nguvu unakwangua soli ya pembeni, unapata bonde, umeponya kidonda umeacha kovu bovu zaidi.

Sasa nirudi kwenye matata ya ile soli ya unga. Plastiki yake ukiipa moto hailegei ikatiririka, nyuzi ni ndefu mno zimeshikana, inakua kama ugali mgumu tu. Kwahiyo mshumaa hauwezi kutengenezwa kwa plastiki ileile, lazima iwe laini zaidi, ya nyuzi fupi. Maana yake kila kiraka cha mshumaa ni laini kuliko soli iliyokizunguka, kinaisha haraka na kinakunywa nta kidogo. Ni kawaida, usione fundi kakuibia. Karakana zina bunduki ya umeme inayosukuma plastiki safi bila moto wa kuwaka, hamna masizi, inashika vizuri zaidi ya mshumaa. Nyumbani unaweza kutumia uzi wa plastiki na chuma cha kulehemea redio chenye bapa, ni pole ila matokeo mazuri kuliko moto wa wazi, mimi mwenyewe napenda hiyo.

Tundu lililofika kwenye faibaglasi au mbao. Kwanza ikauke. Skii isimame chumba cha joto, tundu liangalie chini maji yashuke, feni ipulize, siku moja ni kidogo, mbili ni sawa. Msilete habari za hita ya kuchubulia rangi, ule moto unalegeza epoksi iliyoshika skii nzima, umetafuta kukausha sentimita tano umefumua thelathini. Draya ya nywele kwa mbali haina neno.

Kama tundu ni dogo, tuseme halizidi ukucha wa kidole gumba, kuna plastiki maalumu yenye mchanganyiko wa gundi ndani yake, imetengenezwa kushika kwenye chuma na faibaglasi. Inakuja kama uzi au kijiti, haiwashwi moto, inapakwa kwa chuma cha kulehemea au bunduki. Unapiga msasa chini ya tundu, unaweka tabaka jembamba la hiyo kwanza hasa pale kwenye ukuta wa makali, alafu juu yake unaweka plastiki ya kawaida. Ya kwanza inashika chini, ya pili inashika ya kwanza.

Likiwa kubwa, kama la yule kijana, hakuna mkato, ni kukata na kuweka kipande. Unanunua shiti ya soli, unakata kiraka chenye kona za duara, kona kali huwa inainuka, yaani kata umbo la yai au la kiatu, kiweke juu ya jeraha, chora kuzunguka kwa kisu kikali, toa soli mbovu yote ndani ya mchoro ukifika kwenye faibaglasi usimame. Kiraka kiingie kwa kubana kabisa, mimi naweza kukijaribu mara kumi naparua kidogokidogo. Mgongo wa kiraka lazima uwe umechubuliwa au umepitishwa moto kiwandani, manake hii plastiki upande wake laini haishiki gundi za kawaida, epoksi yenyewe inabanduka. Changanya epoksi ya tyubu mbili, ile ya masaa mengi sio ya dakika tano, paka chini na ukutani, weka kiraka, juu weka karatasi ya kuokea mikate ili gundi isishike kibao, alafu kibao kilichonyooka, alafu klampu, mpaka kesho. Kiraka kiwe juu kidogo ya soli utakichonga kesho yake.

Ile ya kijana ilikaa siku mbili na nusu kwenye feni. Jana usiku nimeiweka klampu.

---

Mwanakirinyaga

Fundi heko sana, hii ni darasa. Mimi ni Mkenya niko Innsbruck, Austria, na hii kitu yako ya ndoo imenikumbusha mafundi wa jua kali kwetu Kutus. Sasa swali yangu si ya shimo. Nilinunua skii used, soli iko clean kabisa haina hata mkwaruzo, lakini hazitaki kugeuka, ni kama ziko kwenye reli, ukijaribu kuziwekelea kando zinashika ghafla zinataka kukuangusha. Rafiki yangu hapa anasema ni mimi sijui. Inaweza kuwa soli?

---

FundiSoli

@Mwanakirinyaga karibu sana mkuu. Inaweza kabisa kuwa soli na naamini ndo yenyewe, umetumia neno sahihi, reli. Chukua rula ya chuma iliyonyooka kweli, isimamishe kukatiza soli, weka taa nyuma yake, chungulia usawa wa macho. Ukiona mwanga unapita katikati na pembeni rula imekaa juu ya makali, soli yako imeshuka makali yamebaki juu, yale makali mawili yanakata njia zake kama treni. Ikiwa kinyume, mwanga uko pembeni na katikati imevimba, skii inaogelea haishiki barafu. Pima sehemu nyingi, mbele, chini ya buti, nyuma, manake mara nyingi tatizo liko mbele na nyuma tu katikati iko sawa.

Ukikuta hivyo usikimbilie kuyapunguza makali kwa tupa nyumbani. Peleka kwenye mashine ya jiwe, wanachonga soli na makali pamoja mpaka usawa, alafu wanaweka ile michirizi midogo unayoiona, inapitisha maji chini ya soli, michirizi myembamba kwa baridi kali na mipana kwa theluji ya majimaji. Huko kwenu Tirol, mkoa wa Innsbruck, mashine nzuri zimejaa. Waambie wakunolee makali kwa pembe ya nyuzi (digrii) moja chini na tatu ubavuni, au mbili kama wewe ni mgeni, ile nyuzi ya chini ndo inafanya skii isikukamate ghafla. Ila kumbuka soli ni milimita moja na kidogo, kila ukipeleka inapungua, mtu anayechonga kila mwezi anakula skii yake mwenyewe.

Na rafiki yako mwambie hukuwa wewe.

---

Mwanakirinyaga

Nimepima saa hii na rula ya mtoto ya chuma na torchi. Mwanga katikati mbele yote!! Chini ya buti hakuna. Aisee. Nimekuwa nikijilaumu tangu January. Kwa wale hawajui, Sabrina Simader aliyewakilisha Kenya kwa skii kwa Olimpiki 2018 kule Pyeongchang ni mzaliwa wa Kilifi amelelewa hapahapa Austria, nilimwona kwa TV ndio nikaamua nitajifunza hii mchezo.

---

Mama Neema

Nimesoma yote kwa makini, asante mwanangu. Mimi niko Norway kaskazini kidogo ya Trondheim, natembelea zile nyembamba za kwenye njia, sio za mlimani. Hazina chuma pembeni. Juzi nimepita juu ya changarawe ya barabarani nikaona mikwaruzo mirefu, na kuna sehemu chini ya miguu soli imepauka nyeupe kama ngozi kavu. Hiyo nyeupe ni kidonda pia? Na je naweza kufuata hayo ya mshumaa?

---

FundiSoli

Shikamoo mama. Hiyo nyeupe sio kidonda, ni ukavu. Theluji ya barafu inasugua uso wa soli unakua na vinyweleo, nta imeisha, rangi inapauka. Huzibi kitu hapo. Pitisha brashi ya shaba vizuri, paka nta ya moto, kwangua ikipoa, rudia mara mbili tatu, nyeusi itarudi. Pasi iwe inatembea muda wote isisimame mahali pamoja, nta nyingi zinataka kati ya nyuzi 110 na 150 imeandikwa kwenye pakiti, na plastiki ya soli yenyewe inaanza kulegea kwenye 130 na kitu, kwahiyo inavumilia pasi inayopita haivumilii pasi iliyosimama. Ikipauka tena baada ya safari moja, basi uso umekufa unataka jiwe, kidogo sana.

Ila mama kama za kwako ni zile za kupaka nta ya kushika pale katikati chini ya mguu, ile sehemu usiiwekee nta ya kutelezea, zigo lote la mwendo liko pale. Na kama katikati kuna magamba kama ya samaki usiyaguse na skrepa kabisa.

Mikwaruzo fanya mtihani wa kucha. Yenye kukwama tu ndo uzibe, na kwa hizo nyembamba mimi nisingetumia moto wa wazi, zina soli nyembamba na ndani zina nafasi nyepesi kama sega la nyuki, moto unaingia haraka. Tumia uzi wa plastiki na chuma cha kulehemea.

Nikitaja skii za njia namkumbuka Philip Boit wa Kenya, Nagano 1998, kilomita 10, akamaliza wa mwisho, na Mnorwe Bjørn Dæhlie aliyeshinda ile mbio akabaki pale mwisho kwenye mvua akimsubiri amkumbatie. Boit akaja kumpa mwanae jina la Dæhlie.

---

Mama Neema

Marahaba. Zangu ni za kushika, nimekuelewa. Huku Norway hiyo habari ya Boit wazee wote wanaijua, ukisema umetoka Afrika Mashariki wanaanza nayo.

---

Bukavu_Québec

Jambo sana ndugu fundi. Miye ni mtu ya Bukavu, niko Québec tangu myaka sita. Kijana yangu anachezaka snobodi, alipiga jiwe, sasa ile chuma ya pembeni iko na ufa moja, na hapo karibu inatoka inje kidogo, ukipitisha kidole inakushika. Nilijaribu kunoa na tupa, tupa inateleza tu haikate. Shida ni tupa yangu ama?

---

FundiSoli

@Bukavu_Québec karibu ndugu yangu. Tupa yako haina shida. Jiwe na chuma vinapogongana kwa mwendo ule joto linapanda sana pale pale kwa nukta moja alafu theluji inapoza ghafla, ile sehemu ndogo inakua ngumu kuliko chuma ya tupa, kama fundi chuma anavyochovya panga kwenye maji. Ukilazimisha unaua meno ya tupa. Tumia jiwe la almasi kwanza, liloweshe, sugua taratibu sehemu ile tu mpaka usikie mlio umebadilika, unaanza kama kioo unaishia kama chuma ya kawaida, hapo ndo tupa itakata.

Ufa peke yake sio mwisho wa ubao, makali mengi yana ufa na yanatembea miaka. Kinachonitia wasiwasi ni kutoka nje. Bonyeza ile chuma irudi ndani, ikirudi na kutoka kama mlango uliolegea bawaba, gundi imeachia. Angalia na soli pale pembeni kama imepasuka. Likiwa tatizo urefu wa kidole kimoja tu, linatengenezeka. Kausha siku mbili, fungua ule mwanya kwa kisu chembamba kidogo tu, ingiza epoksi nyembamba, sukuma hewa ya kupulizia ili ifike ndani, alafu klampu juu na chini kwa vibao usiku mzima. Ikiwa imetoka urefu wa kiganja na zaidi, au makali yamepinda, hapo ni kukata kipande cha makali na kuweka kingine kwa skrubu ndogo, hiyo peleka kwa fundi.

Na kijana asiutumie kwa sasa hata kama anakulilia. Kila siku moja ya maji pale ndani inaongeza urefu wa tatizo.

---

Bukavu_Québec

Asanti sana. Nimebonyeza, inarudi na inatoka, urefu kama vidole mbili. Na soli iko na ufa ndogo hapo. Nilibonyeza nguvu, maji kidogo ikatoka. Ubao ulikuwa ndani ya nyumba tangu juzi lakini.

---

FundiSoli

Umeona. Siku mbili ndani ya nyumba na bado. Huwa maji yamelala kwenye mbao kabisa, haitoki kwa kukaa tu. Uegemeze ukutani ule upande wenye ufa uwe chini, chomeka kijiti cha meno kwenye mwanya ubaki wazi, feni ipulize pale pale.

UPDATE ya skii ya kijana: leo asubuhi nimetoa klampu. Nimechonga kiraka mpaka usawa, nimepitisha kucha kukatiza ule mstari wa kuungana upande wa makali haikwami, upande wa ndani inakwama kidogo sana nimeweka uzi wa plastiki pale. Nimegonga, sauti moja mpaka kwenye makali. Pale mbele ya kiraka kama sentimita tatu bado kuna mlio wa uwazi kidogo, maji yalishatembea hadi pale, nimemwambia ukweli kwamba hapo siwezi kufika bila kufumua skii, tutaangalia msimu ukiisha kama pamekua. Kachukua skii zake kaenda.

---

Bukavu_Québec

Ndugu fundi, siku ya tatu leo. Nimebonyeza asubuhi, kidole ilikuwa na unyevu kidogo. Mchana huu nimebonyeza tena na karatasi ya choo chini yake, karatasi imekauka. Nichanganye gundi?

---

FundiSoli

Mpaka kesho asubuhi kwanza. Ukibonyeza na karatasi ikatoka kavu tena, nipigie picha ya ule mwanya ukiwa umefunguliwa na kijiti, taa iwe pembeni. Nikiiona ndo uchanganye.